Kumpima kijana anayebalehe nyumbani, na kuzisoma namba zake

Kadi ya kliniki inaishia miaka mitano. Kuanzia hapo mpaka ndevu zinapoota, mtoto wa kiume hupimwa urefu mara chache sana, labda siku ya kuanza bweni au akienda kupimwa sare. Halafu anafika miaka 13 au 14, mwenzake waliyezaliwa mwezi mmoja amemzidi kichwa kizima, na nyumbani maswali yanaanza.

Kuwasimamisha wawili hao ukutani hakutajibu chochote. Urefu wa siku moja unasema kidogo mno. Kinachosema ni kasi, yaani kijana anaongezeka sentimita ngapi kwa mwaka, tena kasi hiyo isomwe pamoja na hatua ya balehe aliyofikia. Sentimita 5 kwa mwaka ni habari njema kwa kijana ambaye balehe haijaanza, ni jambo la kawaida kwa aliyeanza kuota ndevu, na ni jambo la kuuliza kwa yule aliye katikati ya balehe, wakati ambapo angepaswa kuwa anapaa.

Ukuta, tepu na kitabu kigumu

Tafuta ukuta ulionyooka usio na ubao wa chini unaozuia visigino, na sakafu ngumu. Zulia na mkeka viondoe. Tumia tepu ya chuma ya fundi seremala. Ile ya fundi cherehani ikishatumika sana hulegea na kuvutika, na hapo kipimo kinapotea bila mtu kujua. Ibandike tepu ukutani moja kwa moja, sifuri iguse sakafu. Ukiweza, iache hapohapo miaka yote.

Kijana avue viatu, soksi na kofia. Nywele zikiwa nyingi zibonyezwe mpaka kitabu kiguse fuvu. Mwenye rasta au fundo la nywele kisogoni alifungue kwanza. Asimame visigino pamoja, na visigino, makalio na mabega viguse ukuta. Kichwa si lazima kiguse. Kinachotakiwa ni atazame mbele, na mstari wa kufikirika kutoka ukingo wa chini wa tundu la jicho hadi juu ya tundu la sikio ulale sambamba na sakafu. Hapa ndipo wengi wanapokosea: kijana anainua kidevu akidhani anarefuka, au anachungulia chini kuona namba.

Mwambie avute pumzi ndefu na kuishikilia. Shusha kitabu chenye jalada gumu, mgongo wake ukiwa umelala bapa ukutani ili kisiinamie mbele, mpaka kiguse utosi. Soma namba macho yako yakiwa usawa wa kitabu, si kutoka juu wala chini. Andika hadi milimita: 146.2, si “146 na kidogo”. Atoke, arudi, umpime tena, halafu mara ya tatu. Vipimo vitatu vikitofautiana kwa zaidi ya nusu sentimita kuna kitu hakikukaa sawa, anza upya. Vikikaribiana, chukua wastani.

Saa ina maana yake. Diski za uti wa mgongo hubonyea kadiri siku inavyokwenda, na mtu anaweza kuwa mfupi jioni kwa sentimita moja hivi kuliko alivyoamka. Ukimpima asubuhi mwezi wa kwanza na jioni mwezi wa saba, umemuibia ukuaji wa miezi miwili. Chagua asubuhi, na uishike hiyohiyo.

Kila miezi sita, wala si kila wiki

Kupima mara kwa mara kunachosha na kudanganya. Tuseme kila kipimo kina kosa la nusu sentimita. Vipimo viwili vinaweza kuleta kosa la sentimita nzima. Ukivitenganisha kwa miezi mitatu kisha ukazidisha mara nne kupata mwaka, kosa limekuwa sentimita 4, na kwa hesabu hiyo kijana mzima anaonekana mgonjwa au mgonjwa anaonekana mzima. Miezi sita inatosha. Kwa walio bweni Tanzania ratiba imeshajipanga yenyewe: likizo ya katikati ya mwaka na ile ya Desemba.

Hesabu yake ni nyepesi. Toa kipimo cha zamani kwenye kipya, zidisha kwa 365, gawa kwa idadi ya siku zilizopita katikati.

Chukua kijana aliyepimwa 12 Januari 2024 akiwa na sm 146.2, na 14 Julai 2024 akiwa na 149.0. Zimepita siku 184, ameongezeka 2.8. Kasi yake ni 5.6 kwa mwaka. Tarehe 11 Januari 2025 akapimwa 153.1: siku 181, ongezeko 4.1, kasi 8.3. Ukitazama urefu peke yake utaona namba tatu zinazopanda tu. Ukitazama kasi utaona kwamba kati ya Julai na Januari gia imebadilishwa, na balehe imeshika usukani.

Hili si jambo jipya. Mfaransa Philippe Guéneau de Montbeillard alimpima mwanawe tangu alipozaliwa mwaka 1759 hadi 1777, na mwanasayansi mwenzake Buffon akazichapa namba hizo. Mpaka leo vitabu vya ukuaji huchora mchoro wa mvulana huyo: kasi inayoshuka tangu uchanga, kisha kilima kimoja kikali ujanani, kisha kimya. Kijana wako atachora mchoro wa namna hiyohiyo. Swali ni kilima chake kitakuja lini.

Kilima kinavyokuja

Kabla ya balehe mvulana huongezeka sentimita 4 hadi 6 kwa mwaka. Karibu kabisa na kuanza, kasi hupungua kidogo, na hicho ndicho kipindi kinachowatia wazazi hofu: wenzake wameanza kuvuta, yeye kama amesimama.

Balehe ya mvulana haianzi na sauti wala ndevu. Inaanza na korodani kukua, kwa kawaida kati ya miaka 9 na 14, wengi wakiwa na 11 au 12. Korodani ikizidi sentimita 2.5 kwa urefu wake, saa imeanza kuhesabu. Kijana mwenyewe anaweza kuelezwa ajiangalie faraghani. Hakuna haja ya mzazi kuvua mtu nguo. Daktari hulinganisha na shanga za mbao au plastiki zilizopangwa kwa ukubwa, na shanga ya mililita 4 ndiyo mlango wa balehe. Baadaye hufuata mavuzi, uume kurefuka, ndoto nyevu, sauti kukwaruza, nywele za kwapani, na ndevu mwishoni.

Kilima cha urefu hakipo mlangoni, kipo katikati. Tangu korodani zianze kukua mpaka kasi kufika kileleni hupita miaka miwili hivi, wastani ukiwa karibu na miaka 13 na nusu hadi 14. Kileleni kijana huongezeka sentimita 9 au 10 kwa mwaka; wapo wa 7, wapo wa 12. Sauti inayovunjika ni dalili kwamba kilele kipo karibu au ndiyo kinapita. Wasichana ni kinyume: wao huvuta mwanzoni mwa balehe, mapema kwa miaka miwili hivi, ndiyo maana picha ya darasa la sita huwa na wasichana warefu nyuma na wavulana mbele. Miaka hiyo miwili ya ziada ambayo mvulana anaendelea kukua taratibu kabla ya kilima, pamoja na kilima chenyewe kuwa kikali zaidi, ndiyo inayozaa tofauti ya sentimita 13 hivi kati ya wastani wa mwanamume na mwanamke. Kwa jumla balehe humwongezea mvulana sentimita 25 hadi 30.

Baada ya kilele kasi hushuka haraka. Mwenye sauti iliyotulia na ndevu za kunyoa hana sentimita nyingi zilizobaki. Kinachofunga mlango ni estrojeni, ambayo mwili wa mvulana huitengeneza kutokana na testosteroni: hukomaza zile tabaka za gegedu karibu na ncha za mifupa mpaka zigeuke mfupa. Zikishafunga, kwa wengi kati ya miaka 16 na 18, hakuna chakula wala zoezi la kuzifungua.

Zipo jamii zinazosema mtoto akitoka jando ndipo anavuta. Walioona hivyo hawakuona uongo. Jando la miaka 12 au 13 linamkuta kijana mlangoni mwa kilima. Anayetahiriwa hospitali akiwa mchanga naye atavuta umri uleule.

Miguu kwanza

Mwili haurefuki wote kwa pamoja. Nyayo na viganja hutangulia, kisha miguu, na kiwiliwili hufuata nyuma. Kiatu kikibadilika namba mbili ndani ya mwaka, jua mzigo wa sare unakuja. Suruali itapanda juu ya kifundo kabla shati halijabana. Kwa hiyo mwambie fundi aache upindo wa sentimita 7 au 8 kwenye suruali. Kwenye mikono ya shati sentimita 3 zinatosha. Viatu usinunue viwili vya kufanana kwa kuweka akiba, jozi ya pili itamkuta mguu umeshapita.

Mifupa ikirefuka, misuli na kano hubaki nyuma kwa muda, na nguvu huja baada ya urefu. Kijana anagonga vikombe, anajikwaa, kocha anasema amekuwa mzito. Pia mfupa hurefuka kabla haujajaa madini, ndiyo maana mkono kuvunjika karibu na kifundo hutokea sana umri huu. Kwa wacheza mpira huja maumivu chini kidogo ya goti, kwenye kile kinundu cha mbele ya goko, au kisigino kuuma baada ya mazoezi. Yote mawili ni kano inavuta sehemu ya mfupa ambayo bado ni laini. Punguza kukimbia na kuruka kwa wiki kadhaa, barafu ndani ya kitambaa kwa dakika 15 baada ya mchezo, nyoosha misuli ya paja na ya shavu la mguu. Hupona, ingawa kinundu cha gotini huenda kikabaki.

Maumivu moja usiyasubirishe: kijana anayechechemea huku nyonga, paja au goti likiuma, na mguu umegeukia nje. Kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuwa kinateleza kwenye gegedu lake. Asiukanyagie, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, apigwe eksirei ya nyonga zote mbili hata kama anacholalamikia ni goti.

Wakati huohuo mtazame mgongo. Ainame mbele miguu ikiwa imenyooka, viganja pamoja, nawe usimame nyuma yake. Upande mmoja wa mbavu ukiinuka kuliko mwingine, mgongo unajipinda, na mpindo huo huzidi wakati huu wa kuvuta.

Makocha nao wana somo hapa. Kijana wa miaka 13 aliyebalehe mapema hung’ara UMITASHUMTA, ile michezo ya shule za msingi Tanzania, kwa sababu ana mwili wa miaka 15, si kwa sababu ana kipaji kuliko yule mdogo aliyeachwa benchi. Miaka mitatu baadaye wanaweza kulingana, au mdogo akampita.

Atafika wapi

Kwa makisio, jumlisha urefu wa baba na wa mama, ongeza 13, gawa kwa mbili. Baba 170, mama 158: jumla na 13 ni 341, nusu yake 170.5. Hiyo ni katikati ya uwanja tu. Uwanja wenyewe unakwenda sm 8.5 juu na chini, yaani kuanzia 162 hadi 179. Wapime wazazi kwa tepu ileile, maana akina baba hujiongezea. Na kama wazazi walikulia kwenye njaa, hesabu hii humpunja mtoto aliyelishwa vizuri.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2007 chati za miaka 5 hadi 19, zinapatikana bure mtandaoni. Mstari wa kati kwa wavulana unapita sm 137.8 akiwa na miaka 10, 149.1 akiwa na 12, 163.2 akiwa na 14, 172.9 akiwa na 16, na 176.5 akiwa na 19. Mstari wa −2, ambao chini yake daktari lazima aulizwe, uko karibu na 148 kwa miaka 14 na 162 kwa miaka 19. Weka nukta kwa umri wa kweli, miaka na miezi. Kama umri ulipunguzwa kwenye cheti ili acheze timu ya watoto au asisumbuliwe kuanza shule, chati itakudanganya kama ulivyoidanganya.

Tahadhari moja kuhusu mistari hiyo. Katika utoto, mtoto kutoka mstari mmoja kwenda mwingine ni jambo la kushtua. Kati ya miaka 11 na 15 si lazima. Anayechelewa kubalehe atashuka mistari wakati wenzake wanapaa, kisha atapanda tena zamu yake ikifika. Anayewahi atapanda, atakuwa mrefu wa darasa, kisha atasimama mapema na kupitwa.

Kuchelewa kwa heri na kuchelewa kwa shari

Wavulana wengi wanaochelewa wana mwili mzima unaotembea polepole tu. Mara nyingi baba au mjomba naye alivuta akiwa kidato cha nne. Kasi yao ni ya kawaida kwa mtoto ambaye hajabalehe, na eksirei ya kiganja na kifundo cha mkono wa kushoto inaonyesha mifupa ya umri mdogo kuliko cheti. Mifupa ya miaka 12 kwa kijana wa 14 maana yake ana miaka miwili ya kukua ambayo wenzake wameshaitumia. Akiumia sana moyoni, daktari anaweza kumpa dozi ndogo ya testosteroni, sindano moja kwa mwezi kwa miezi mitatu hadi sita, kuamsha saa. Ikipimwa vizuri haipunguzi urefu wa mwisho. Ikitolewa hovyo, inaupunguza.

Mpeleke kijana apimwe kama ametimiza miaka 14 na korodani hazijaanza kukua. Kama balehe imeanza kabla ya miaka 9. Kama kasi yake iko chini ya sm 4 kwa mwaka na kilele hakijapita. Kama alianza kisha akakwama, au miaka mitano imepita bila kumaliza. Pia kama anaumwa kichwa mara kwa mara na macho yanafifia, au anakunywa maji na kukojoa kupita kiasi. Mrefu sana mwenye korodani ndogo ngumu naye apimwe. Urefu wake si dalili ya afya. Na liko hili ambalo wengi hawalijui: mtoto mnene kwa kula tu kawaida ni mrefu kwa umri wake. Anayenenepa huku urefu umesimama ana tatizo la homoni mpaka ithibitishwe vinginevyo, au amepewa dawa au krimu yenye steroidi kwa muda mrefu.

Kwetu hapa Afrika Mashariki, kabla ya kufikiria homoni, yaangaliwe yanayochelewesha watoto wengi zaidi: selimundu, VVU, kichocho, minyoo ya safura, pumu isiyodhibitiwa, na kula kidogo kwa miaka. Anza na hospitali ya mkoa au kaunti. Muhimbili kuna madaktari wa homoni za watoto, na Nairobi imekuwa ikifundisha madaktari wa fani hiyo kwa ajili ya Afrika tangu 2008. Nenda na daftari la vipimo. Daktari akipewa namba za miaka miwili anaanza kazi hapohapo. Bila hizo atakwambia urudi baada ya miezi sita.

Matiti kuvimba kidogo na kuuma, hata upande mmoja, hutokea kwa wavulana wengi na huisha ndani ya miezi sita hadi miaka miwili. Mwambie mapema, kabla hajaanza kukataa kuvua shati.

Sahani na kitanda

Kijana anahitaji takriban miligramu 1,300 za kalsiamu kwa siku. Glasi ya maziwa ya mililita 250 ina kama 300. Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao ni hazina ya bei nafuu kuliko kopo lolote la unga wa lishe. Ugali na mboga peke yake humshibisha lakini haumjengi. Ongeza maharage, yai, samaki au nyama kila siku. Chai ya rangi isinywewe pamoja na chakula, huzuia madini ya chuma kufyonzwa. Ngoja saa moja. Homoni ya ukuaji humwagika zaidi usingizini, na umri huu unataka saa 8 hadi 10, simu ikiwa chumba kingine.

Kuning’inia kwenye bomba hunyoosha diski kwa muda tu. Vyuma vya mazoezi havidumazi mtu anayefundishwa vizuri na kunyanyua uzito wa kadiri. Vidonge vya kurefusha vinavyouzwa mtandaoni ni kalsiamu na vitamini zenye bei ya dhahabu, vikiwa na bahati. Visipokuwa nayo, vina steroidi. Na sindano za kutunisha misuli kwa kijana ambaye bado anakua ni hasara maradufu: hugeuka estrojeni mwilini na kufunga gegedu kabla ya wakati. Atapata kifua mwaka huu na kupoteza sentimita ambazo hazirudi.

Ukifika wakati ambapo kipimo cha katikati ya mwaka na cha Desemba havitofautiani hata nusu sentimita, na kijana ananyoa ndevu, bandua tepu ukutani. Suruali inayofuata fundi aikate bila upindo.